Kiti cha Mbele Siku ya Mdahalo

Kariobangi,
Jumapili, 18 Julai

Mpendwa mdogo wangu Frankline,

Nakusalimu kwa jina la Bwana. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na mkeo na watoto, na kwamba ule mkwaruzo wa koo niliousikia redioni wiki iliyopita umepona. Kunywa maji ya moto yenye tangawizi hata kama hakuna wa kukukumbusha. Mimi na binti yangu Marion hatujambo. Marion amerudi chuoni na nyumba imekuwa kimya. Bado asubuhi natoa vikombe viwili kabatini, kisha nakirudisha kimoja. Sioni haja ya kujikaripia kwa hilo. Mkono utajifunza wenyewe.

Nimeamua kukuandikia kwa sababu kwenye simu huwa huniachi nimalize, na safari hii nataka kumaliza. Nitampa Triza barua hii mkononi akija kesho kuchukua jibu langu.

Triza alifika Ijumaa, nikiwa nashona sare za shule pale kwenye kibanda. Ni msichana mwenye adabu, umepata mtu mzuri wa kukupangia shughuli. Aliniita mama, akakataa kiti mpaka nilipokaa mimi kwanza, kisha akanieleza mnachotaka. Kwamba Jumanne, siku ya mdahalo wa wagombea urais, nikae kiti cha mbele kabisa, nimevaa nguo nyeusi, nimeshika picha ya marehemu mume wangu Javan, ile aliyopigwa akiwa amevaa kofia ya chama chako. Kwamba likifika swali la afya utaiambia nchi nzima jinsi shemeji yako, mfanyakazi wa kiwandani, alivyokufa akisubiri msaada, kisha utaninyooshea mkono na kamera zitanigeukia. Alisema washauri wako wanaona mtu aliye nyuma hivi, anayeungwa mkono na watu wanne tu katika kila mia, hana budi kuutikisa ukumbi, na hakuna jioni nyingine ya kufanya hivyo. Nilimuuliza kama ningetakiwa kulia. Akatazama viatu vyake, akasema si lazima.

Nilimwambia nipeni muda nifikirie. Nimefikiria, mdogo wangu, na cherehani ni mahali pazuri pa kufikiria.

Huku mtaani mdahalo wako unazungumzwa kuliko unavyodhani. Okumu, yule anayechomelea mageti jirani na kibanda changu, siku hizi hanisalimu ila kwa niaje mama prezo, yaani mama rais, na watu wakicheka nami nacheka. Jana alikuwa anasema kwamba unaongea kama mtu anayekimbia mvua, na kwamba dawa yako ni moja tu, umrukie yule anayeongoza kwenye kura za maoni mpaka jasho limtoke kwenye tai, kwa sababu wewe huna cha kupoteza. Kavinya, anayeuza mboga, akamjibu kwamba ameona wanaume wengi wakirukiana kwenye televisheni na kesho yake bomba la maji lilikuwa kavu vilevile. Akasema yeye Jumanne ataangalia jambo moja tu: mtu akiulizwa maji, aseme maji. Okumu akamwambia mambo ya urais si ya kupima na fungu la sukuma wiki. Kavinya naye akamwambia wale watu wanne wa Frankline anawajua wote, wa kwanza ni Okumu na wa pili ni ile barakoa yake ya kuchomelea. Hapo hata wateja waliweka vikapu chini wakacheka.

Lakini lile neno la Kavinya halikuniacha. Mimi sikusoma zaidi ya kidato cha nne, na sijui washauri wako wanaona nini kwenye karatasi zao. Mimi naona watu watakaokuwa wamekaa kwenye viti vyao Jumanne. Walio wako ni wako, hata ukipiga chafya saa nzima. Wa yule anayeongoza, wapo wanaompenda kwa moyo wote, hao waache. Wengi waliobaki wamekaa kwake kwa sababu hawakuona kiti kingine. Ukisimama kumtukana mtu wao, unawaambia wao ni wajinga, na mtu akiambiwa alichagua vibaya mbele ya watoto wake hukaza uamuzi uleule.

Tena nimeona kwamba yule aliye mbele ana shida ambayo wewe huna. Yeye anapita katikati ya watu na karai limejaa maji kichwani. Kila swali lazima ajibu polepole asije akamwaga. Wewe mikono yako iko huru. Unaweza kusimama, ukamtazama aliyekuuliza, ukafikiria. Unaweza hata kusema hujui, kisha ukaeleza utakavyofanya ili ujue. Nani mwingine pale mbele atathubutu kusema hivyo? Lakini wewe, tangu utoto wetu, mama alikuwa hajamaliza kuuliza nani aliacha lango la ng'ombe wazi na wewe tayari unaeleza makosa ya jirani. Nakumbuka alivyokuwa akikushika kidevu na kukwambia, Frankline, nimeuliza lango.

Sasa niseme kuhusu Javan, na ninakuomba usome hapa bila haraka.

Hukuwepo asubuhi ile, na sikulaumu, ulikuwa Kakamega kwenye mikutano. Alianguka kwenye geti la godauni la kiwanda chao kule Industrial Area, kabla zamu haijaanza. Wenzake walimpakia kwenye pikapu ya mizigo wakamwahisha hospitali, na pale hospitali walimpokea mara moja. Kulikuwa na muuguzi aliyepiga magoti sakafuni akimsukuma kifua mpaka mwingine akamwondoa kwa nguvu ili ampokee. Ni yeye aliyeniletea mshipi wa Javan, ameukunja vizuri kama zawadi, akanishika bega. Moyo wake ulikuwa umechoka bila sisi kujua, ndivyo daktari alivyosema. Najua ziko hospitali ambako watu hufa wakisubiri, na hao una haki ya kuwasemea, tena useme kwa sauti. Lakini Javan hakusubiri. Jumanne yule muuguzi huenda atakuwa nyumbani, amenyoosha miguu, anakutazama. Ataanza kuwaza nini akikusikia?

Kuna jambo jingine, na hili sijamwambia mtu, hata Marion.

Utakumbuka ile Jumapili ya mwezi wa Machi ulipokuja kula kwetu na washauri wako. Nilichinja jogoo, na Javan alichukua firigisi, ambayo ni ya mwenye nyumba, akaiweka kwenye sahani yako. Ulifurahi sana, ukawaambia wenzako kwamba katika nyumba hii una kura yako kamili. Baadaye mlitoka nje, akavaa kofia yako, mkapiga ile picha.

Katikati ya chakula alikuuliza swali. Sijui kama unalikumbuka. Alikuuliza hivi: vibarua wa Mukuru wakifika getini asubuhi wakaambiwa leo hakuna kazi, na kesho vilevile, wewe ukiwa rais utawafanyia nini wiki hiyo, kabla ya hiyo mipango ya miaka mitano? Ulicheka, ukampiga bega, ukamwambia, shemeji, hilo limo kwenye manifesto. Kisha ukaanza kueleza jinsi yule anayeongoza alivyokula nchi, ukaeleza mpaka chai. Javan akasema, sawa shemeji. Akakuongezea ugali.

Mlipoondoka tulibaki tunaosha vyombo. Akaniambia, akinipa sahani, kwamba mwezi wa Agosti hatakupigia kura. Hakusema kwa hasira. Alisema anakupenda kama ndugu yake wa tumbo, na kwamba yule mwingine hamwamini sana, lakini yule siku moja alisimama kwenye geti lao akaulizwa swali na akalijibu, hata kama jibu halikuwa zuri. Nilimuuliza mbona basi hakukwambia. Akashangaa. Akasema mtu aliyeoa kwa watu hawezi kumwaibisha ndugu ya mkewe mbele ya wageni wake, tena mezani. Ile firigisi ilikuwa ya shemeji. Kofia ilikuwa ya shemeji. Ulivichukua vyote viwili ukavihesabu kuwa kura, na yeye kwa heshima hakuweza kukusahihisha. Akaniomba nami nisikwambie, ili usije ukaacha kuja kula. Halafu akasema, akipangusa mikono, kwamba ukimjibu lile swali kabla ya Agosti, atabadilika.

Hukumjibu, na mwezi wa Aprili tukamzika.

Kwa hiyo Jumanne sitakuja, mdogo wangu. Picha ile nitaiacha hapa ilipo. Siwezi kumkalisha kwenye kiti cha mbele akuunge mkono leo kwa sababu hawezi tena kusema sawa shemeji na kwenda zake. Usimkasirikie Triza, alinieleza kila kitu vizuri. Mimi nitakuwa kwa Kavinya, tukitazama pamoja na Okumu na wengine, na ujue kwamba wengi ndani ya nyumba ile si wako.

Lakini sikukatazi kumtaja. Ukitaka kumtaja Javan, mtaje alivyokuwa. Sema ulikuwa na shemeji aliyekupenda, akakupa firigisi, akavaa kofia yako, na hakukusudia kukupigia kura. Sema alikuuliza swali ukacheka. Lisome lile swali kama alivyoliuliza, kisha ulijibu. Usimtaje yule anayeongoza hata kidogo mpaka umalize. Washauri wako watashika vichwa, najua, na sikuahidi kwamba utashinda. Watu wanne katika mia ni wanne. Lakini kwa mara ya kwanza utakuwa umezungumza na mtu ambaye hakuwa upande wako, na wapo wengi kama yeye, wamekaa kimya kwa adabu, wanakuongezea ugali.

Msalimie mkeo, umwambie kitambaa alicholeta kimetosha gauni la binti yenu Norah na kimebaki cha mikono. Wasalimie watoto wote. Ukipita nyumbani Bungoma, mpe mama salamu zangu, na usimwambie kwamba nimekonda. Tumshukuru Mungu kwa uzima.

Na huko uliko, katikati ya watu wako na shughuli zako, unikumbuke.

Mimi dada yako,
Nerima