Jembe Ulilolinyamazia

Kambi ya mkonge, Kilosa

Kwa kaka yangu Yeremia,

Shikamoo. Nimeiandika kwa sababu mama alitulea hivyo, na kwa sababu sijui barua kwa kaka mkubwa inaanzaje bila hiyo. Marahaba yako usihangaike kunitumia.

Mimi mzima. Mama hajambo? Goti lake linamruhusu kufika kanisani? Na wanao wawili, kile kikohozi kimewaachia? Hao nawauliza kwa moyo, maana tangu mama yao afariki sijaacha kuwaombea. Wewe sikuulizi hali. Hali yako nilielezwa Mikumi, nikaambiwa ni nzuri mno.

Mwezi uliopita bwana wa shamba alinituma Mikumi na daftari langu kupokea manamba wapya wanaoletwa kutoka kwetu Njombe. Lori liliposimama, wa kwanza kushuka alikuwa Mikaeli, mume wa binamu yetu Neema, vumbi limemjaa mpaka kwenye kope. Nilifurahi, nikamkumbatia mbele za watu. Nikamuuliza, habari za nyumbani? Akacheka, akasema, "Nzuri tupu, shemeji! Kaka yako anaoa. Anamchukua Salome wa Mzee Festo." Nikamwambia umekosea, kaka si mwoaji, kaka ni mshenga wangu. Mikaeli akanitazama, akaona sicheki, akageuka akaanza kutafuta kofia yake ndani ya lori. Na kofia alikuwa ameivaa.

Siku ileile nikakuandikia kukuuliza. Jibu lako limenifikia Jumanne. Ukurasa wa kwanza wote ni mvua na mahindi, kama vile mimi nimekuuliza mahindi. Ukurasa wa pili ndipo unasema ulifika kwa Mzee Festo na jembe mkononi, hata hujaketi, naye akasimama mlangoni akakwambia, "Karibu, mkwe wangu." Ukaona aibu kumkatisha mtu mzima mbele ya wageni wake. Ukaliweka jembe chini ukanyamaza.

Ukanyamaza! Wewe ambaye hujawahi kununua mbuzi mnadani bila kubishana mpaka mwenye mbuzi anataka kulia! Wewe uliyemkatisha mchungaji katikati ya mahubiri kwa sababu alikosea jina la babu! Siku hiyo moja tu, siku ya kwangu, ulimi ukaota adabu.

Tangu utoto tumeona majembe ya uchumba yakipelekwa. Mshenga akiliweka jembe chini humtaja aliyemtuma, jina lake na la baba yake, ndipo watu wakae wazungumze. Asipotaja, jembe ni la aliyelibeba, na anayehesabiwa mchumba ni yeye. Hilo kwetu halina asiyelijua. Jembe lile nililinunua mwenyewe dukani Magomeni ya hapa Kilosa, nikalibeba begani mpaka kambini, watu wananicheka njia nzima, "Karani, leo umehamia kwenye kupalilia?" Nililifunga kwa gunia, nikamkabidhi dereva wa lori la Iringa, nikamsihi kama mtu anayemkabidhi mtoto. Nilikuwa naoa, kaka. Sikukuu ya mavuno, kabla sijaondoka, Salome alinishikia kitabu cha nyimbo akaniambia kwa kinywa chake, "Ukiwa tayari, tuma mtu kwa baba." Nikatuma mtu. Nikatuma mtu niliyenyonya naye ziwa moja.

Sasa nikueleze yaliyonikuta Jumamosi, maana na hayo ni ya kwako.

Huja hapa kambini gari la sinema mara moja moja. Hufunga shuka jeupe kati ya nguzo mbili kwenye uwanja wa mpira, wakata mkonge hukaa chini na wake zao, na mimi husimama kando na kipaza sauti nikigeuza Kiingereza kuwa Kiswahili. Picha ya safari hii imetolewa katika kitabu cha zamani cha Waingereza, kitabu cha mapenzi na vichekesho. Mwalimu mmoja wa misheni ya huko milimani aliniazima, nikakisoma masika nzima nikiwa na kamusi magotini.

Ni habari ya bwana mmoja aliyebobea katika ushenga. Amewaozesha nusu ya kijiji chao, na hujigamba kwamba hajawahi kukataliwa. Rafiki yake mwenye kinu cha unga, mtu mwenye haya nyingi, anamtuma kwa binti wa mwenye duka. Mshenga anakwenda, anasema vizuri, anarudi, anatumwa tena, na mwisho binti anampenda anayesema badala ya yule aliyemtuma. Hapo mtu unacheka mpaka mbavu zinauma. Lakini katika kitabu, kaka, mshenga akishaona mambo yamegeuka, hamshiki binti hata kidole. Anatembea kwenye mvua mpaka kwenye kinu, amelowa chapachapa, anamwambia rafiki yake usoni: nimekukosea, niambie nifanye nini. Kurasa mbili nzima hao wawili wanatazamana tu. Kisha mwenye kinu anamsogezea kiti. Niliposoma pale nililia, na sioni haya kusema.

Kwenye picha wameliondoa lote hilo. Mvua hakuna, kinu hakionekani, kiti hakuna. Binti anacheka, mshenga anacheka, kengele za kanisa zinalia, basi, kwisha. Mwenye kinu tunamwona harusini anapiga makofi, na hakuna aliyemuuliza kitu. Watu wabaya hao waliotengeneza picha ile! Wamechukua kitabu kizima wakakitoa roho, wakabakiza kofia na magauni. Na wewe umeishi hivyohivyo, na sinema hujaiona.

Nilipokaribia penye kengele nikashindwa kujizuia. Binti yuko pale kwenye shuka anamwambia mshenga kwamba anampenda. Mimi nikasema kwenye kipaza sauti, "Binti anasema, toka hapa, mwizi mkubwa! Umetumwa na ndugu yako, umemeza jina lake!" Ndipo Mama Hadija, jirani yangu anayewapikia uji wakata mkonge, akapaza sauti kutoka nyuma, "Karani, mbona binti anacheka?"

Nikasema, "Anacheka kwa hasira."

"Hasira gani hiyo ya kumkumbatia mtu shingoni?"

Wanawake wakaangua kicheko. Wanaume wakaanza kuzomea, mara wakanirushia maganda ya miwa. Mmoja akaita, "Mwongo huyo! Tuachieni picha, macho tunayo!" Msimamizi wa gari, mtu wa Morogoro anayejua Kiingereza kunizidi, akaja akaninyang'anya kipaza sauti. Akaniambia, tena wote wakasikia, "Kazi yako hapa ni kusema ya wale walio kwenye picha. Yako kayasemee kwenu." Akamaliza kufasiri yeye. Mimi nimeondolewa, na kila nikipita kambini sasa watoto wananiuliza kama binti ameshapoa hasira.

Najua unachofikiri hapo ulipo. Unafikiri, kumbe na wewe ulitumwa kusema ya watu ukasema yako. Fikiri utakavyo. Mimi nilidanganya dakika moja nikazomewa palepale, na nilistahili. Wewe nani amekuzomea? Umekaribishwa chakula.

Ila neno la Mama Hadija haliniachi. Nikiwa naita majina ya watu asubuhi, lipo. Mkonge unapita mbele yangu unakwenda mashineni, neno lipo. Kwa hiyo nakuuliza, nawe nijibu kiume: siku uliyoliweka jembe chini, Salome alikuwa wapi? Kama alikuwa jikoni analia, wewe ni mwizi, na nitalisema hilo popote. Kama alikuwa mlangoni anacheka, basi sijui nikuite nani. Nina hasira, utauona mwandiko ulivyo. Lakini zaidi ya hasira nina hofu.

Usinirudishie habari za watoto kukosa mama. Najua wanakosa. Ungeniandikia wewe kabla ya Mikaeli, ukasema, mdogo wangu, nimekwama, nimepelekwa kwa jambo lako na moyo umebaki huko, nisaidie, labda ningetukana siku tatu kisha ningekuelewa. Hukuandika. Ulingoja nisikie kwa mtu wa kwenye lori.

Sasa sikiliza. Umesema tangazo la kwanza la ndoa litasomwa kanisani Jumapili ya kwanza ya mwezi ujao. Mkataba wangu bado una miezi mitano na bwana wa shamba hatoi ruhusa, nimemwomba mara mbili amenifukuza mara mbili. Kwa hiyo utakwenda wewe. Kabla ya Jumapili hiyo, mchukue mama awe shahidi, nenda kwa Mzee Festo, omba jembe liletwe hapo katikati. Uliinue, uliweke chini upya, utaje jina langu na la baba yetu, kwa sauti ya kusikika. Mzee akikasirika, akasirike. Wageni wakicheka, wacheke. Hiyo aibu uliyoikwepa imekungoja, nenda ukaichukue. Sikuombi, Yeremia. Usipokwenda, nikirudi kwetu nitapita mlangoni pako kama ninavyopita kwa mtu nisiyemjua, na mama atanielewa.

Mpe mama salamu zangu, mwambie nakula vizuri, hata kama si kweli. Msalimie shangazi Loida mfuma mikeka, mkeka wake ndio ninaolalia. Msalimie mjomba Eliya mpiga ngoma wa kanisa, na binamu Neema, mwambie mumewe Mikaeli hajambo, amepangwa kukata mkonge na miiba imeshamzoea. Wabusu wanao wote wawili, uwaambie ni kutoka kwa baba mdogo.

Salome usimpe salamu zangu. Usimwambie nimekasirika, usimwambie nimekusamehe, usimwambie chochote. Nimemwandikia mwenyewe, barua imeondoka jana kwa gari la Mikumi. Nimemuuliza anamtaka nani. Akisema ni wewe, nitanyamaza, na huko ndiko kunyamaza kwa kweli. Lakini wewe usingoje jibu lake. Jembe ni langu hata kama yeye si wangu.

Ni mimi, mdogo wako mpaka Jumapili hiyo,

Zakaria