Picha Zilipotulia

Jumapili, jioni. Upepo umevuma tangu asubuhi, mabati yanagonga, vumbi limeingia mpaka kwenye sukari. Sijali. Leo nina furaha, na nikikosea kuandika mtanisamehe, maana naandika kwa kuiambia simu nayo ina masikio yake.

Jamani, leo nimesikia picha.

Nianzie mwanzo. Mama yangu ana mizinga ya nyuki huku Mitundu, na asali yetu inauzwa mpaka Dodoma. Mdogo wangu Yohana ametutengenezea tovuti. Kazi yangu mimi ni kupokea simu za wateja. Sijaona tangu kuzaliwa, lakini kwa kuongea, hapo hunitoi. Wateja wananijua kwa sauti, wengine wakisikia mtu mwingine wanakata.

Naipenda hii kazi kuliko ninavyowaonyesha watu. Bila simu ile, nyumbani hapa mimi ni mtu wa kuchambua maharage na kuulizwa kama nimeshakula.

Sasa Yohana alipoitengeneza upya tovuti, juu kabisa akaweka picha tano mahali pamoja, kila moja imeandikwa maneno juu yake. Moja inakuja, inakaa kidogo, inaondoka, nyingine inaingia. Zenyewe tu, hakuna anayezigusa. Anaziita slaidi. Alikuwa anajivunia huyo, acha kabisa.

Kwangu mimi ilikuwa balaa. Simu yangu husoma kwa sauti kilichopo kwenye kioo. Nikigusa pale inasema "picha", kabla sijatulia slaidi imesogea, sauti inakatika, inaanza tena: "picha". Chini kuna vidoti vya kubonyeza. Nikivigusa inasema "kitufe, kitufe, kitufe", wala haisemi kitufe cha nini. Nikitaka kushuka kwenye bei, slaidi ikisogea narudishwa juu. Kuna siku niliitukana simu, na mimi ni mwanakwaya.

Halafu wiki hii mteja mmoja akapiga, anataka ile asali nyeusi ya kwenye picha ya tatu. Nikamwambia hatuna asali nyeusi. Akashukuru, akakata. Kumbe tunayo, iko kwenye ndoo hatua chache kutoka nilipokuwa nimesimama. Sikujua tu kwamba ndiyo hiyo watu wanaiita nyeusi.

Yohana aliposikia hakugomba. Afadhali angegomba. Alisema taratibu, kwa heshima zote, "Dada, labda hii simu ya biashara akae nayo wifi yako." Wifi ndiye Sesilia, mke wake. Nilienda nyuma ya nyumba nikalia.

Leo baada ya kanisa tukakaa sebuleni, Yohana amwonyeshe wifi namna ya kuwahudumia wateja. Mimi niko pembeni na maharage yangu. Mama akasogea naye atazame. Mama anasoma, ila anasoma polepole, neno moja moja, kwa kunong'ona.

Mara nikamsikia, "Ee! Mbona umeitoa? Nilikuwa bado naisoma."

"Sijaitoa mama. Imeondoka yenyewe."

"Imeondoka kwenda wapi?"

Nilicheka mpaka bakuli likamwagika. Ndipo nikapata ujasiri, nikauliza: wifi, hiyo picha ya tatu ina nini? Akasema haikumbuki. Nikauliza ya nne. Wifi akasema kwa sauti ndogo kwamba yeye hajawahi kufika ya nne. Anaona ya kwanza, anashuka kwenye bei. Yohana mwenyewe alikosea mpangilio wa picha alizoziweka kwa mikono yake.

Heee! Miezi yote hii najiona mimi ndiye nimeachwa nje ya mlango, kumbe na wenye macho tuko nao huko huko nje.

Yohana akafungua kompyuta. Akaisimamisha ile slaidi. Picha zote tano akazipanga moja chini ya nyingine, zimetulia, kila moja akaiwekea maneno ambayo simu yangu itayasoma. Maneno hayo tuliyatunga wote pale sebuleni, kwa kelele kama za sokoni.

Niliuliza asali nyeusi ni nyeusi kama nini. Mama akasema kama chai iliyosahaulika jikoni. Nikaelewa papo hapo, maana asali ile hata mdomoni ina ule uchungu wa mbali. Kumbe rangi na ladha zinaweza kuambiana! Picha ya pili ina moshi wa kufukuzia nyuki, na wifi anasema moshi umesimama hewani hausogei. Moshi, ninaoujua kwa kunikohoza, umesimama. Nilimfanya arudie.

Halafu ya tano. Wifi akaniambia nisikilize mwenyewe. Nikagusa, simu ikasoma: "Mama amesimama chini ya mzinga, anatazama juu, mguu mmoja ameukanyagisha juu ya mwingine."

Nikagusa tena. Nikagusa tena.

Mimi nasimama hivyo. Nikiongea na simu mguu wa kulia unapanda juu ya wa kushoto, siujui umepanda saa ngapi. Shuleni mwalimu alikuwa ananishusha mguu, "simama vizuri", nikajua ni tabia mbaya ya mtu asiyeona. Hakuna aliyenifundisha. Mama sijawahi kumwona akisimama, hata siku moja. Mungu wangu, huu mguu nimeupata wapi?

"Mimi sisimami hivyo," mama akakana. Wakamwonyesha picha. Akahamia Kinyaturu, lugha yake ya kugombea, na watu wote tukafa kwa kicheko, mimi huku nalia.

Saa hizo hizo simu ya biashara ikaita. Iliita mara mbili. Kisha nikasikia Yohana anainuka, na akaniwekea simu mkononi mwangu.

Alikuwa mama mmoja wa Manyoni, anataka ndoo mbili. Akauliza, yule mwanamke kwenye picha ya mwisho ndiye mwenye mizinga?

Nikasema ndiye. Ni mama yangu. Tumefanana.

Watu wamekuwa wakiniambia neno hilo tangu nikiwa mtoto, nami naitikia kwa adabu tu, kama mtu anayesifiwa nguo asiyoijua. Leo nimelisema mwenyewe, kwa mgeni, na nilikuwa najua ninachokisema.

Nina nini kingine cha mama ambacho bado sijasomewa?