Aliyekosekana Katika Salamu

3 Februari

Mwanangu mpendwa,

Natumai barua hii itakukuta na afya njema. Huku tu wazima. Wadogo zako wanakusalimu, na jirani hali kadhalika.

Nimearifiwa kwamba umeacha uhasibu, ukachagua fasihi ya Kiingereza. Friji ikiharibika naitwa mimi. Hadithi ikiharibika ataitwa nani? Rudi kwenye uhasibu kabla usajili haujafungwa. Nakomea hapa, niwapikie wadogo zako kisha nifungue karakana.

Baba yako


19 Februari

Baba yangu,

Shikamoo. Mwili wangu mzima, ila barua yako imeniondolea usingizi. Umeuliza faida. Hapa tunafundishwa kumchunguza msimulizi: anasema nini, na anakwepa nini. Nikaisoma barua yako hivyo. Jirani ananisalimu, mama hanisalimu. Nawe, uliyekuwa ukiingia jikoni kufuata kiberiti tu, leo unapika. Mama anaumwa na unanificha. Niambie, nifunge mizigo.

Mwanao


4 Machi

Mwanangu,

Salamu nyingi. Umesoma vizuri, ila mwisho umekosea. Mama yako haumwi. Yuko kwa mjomba wako tangu siku nilipoapa kwamba fasihi hutaisoma. Alisema, "Friji ya mtu ikinguruma tu unajua inaumwa wapi. Mimi nazungumza nawe miaka yote hii, umesikia nini?" Akafunga mlango taratibu. Afadhali angeubamiza.

Aibu ndiyo iliyonizuia kukuambia. Wewe unayeyajua maneno, nitungie barua ya kumrudisha. Nitainakili kwa mkono wangu.

Baba yako


13 Machi

Baba yangu,

Shikamoo, na pole. Barua hiyo naweza kuitunga, tena ikamliza. Ndiyo maana siitungi. Atarudi kwa maneno yangu, halafu nyumbani atakukuta wewe. Mwandikie mwenyewe. Wala usitarajie nirudi kwenye uhasibu ili kuwapatanisha. Hilo mama hatanisamehe.

Mwanao


2 Aprili

Mwanangu,

Wadogo zako wazima. Mimi hivyo hivyo. Nimemwandikia. Niliandika kwamba jikoni nimeshindwa, nikafuta. Niliandika kwamba nilikosea, hilo sikulifuta. Mjomba wako anasema mama yako ameisoma mara mbili, akaikunja, akaendelea kushona. Hajajibu neno.

Huko darasani kwenu, mwanangu, ukimya wa namna hii husomwaje?

Baba yako