Jerez Hunywewa Baridi

Jumatatu, 4 Februari 1974
Vyombo tena. Mikono imekuwa kama ya bibi. Baada ya kazi Mzee Anselmo, Mhispania anayesimamia divai hapa hotelini Stockholm, alinifundisha. Tinto nyekundu, blanco nyeupe. Divai ya Rioja hulazwa kwenye mapipa ya mwaloni, ndiyo maana hunukia vanila. Mtihani Ijumaa ya wiki ijayo. Nikifaulu, napewa kazi ukumbini. Nikishindwa, mafunzo yameisha, narudi Marangu. Elia, kijana wa kwetu, anabaki huku.

Jumatano, 6 Februari
Leo Jerez, divai kali ya kwao Mzee. Nilidhani zote ni tamu. Kumbe! Fino ni kavu, hunywewa baridi, inanukia unga uliochachuka. Oloroso ina rangi ya kahawa na ni nzito. Mzee ananiita binti. Nampenda mzee huyu.

Jumapili, 10 Februari
Elia alikuja kwangu Hagsätra baada ya ibada. Anasomea umeme. Tangu tujuane ananiangalia tu. Alinishikia kitabu, akaniuliza maswali ya divai. Nikasubiri neno. Akasema chai ni tamu. Zakaria wa Biblia alifanywa bubu na malaika. Huyu sijui nani kamfanya.

Alhamisi, 14 Februari
Mtihani kesho. Sitaki kurudi. Si kwa ajili ya Sweden, baridi yao wabaki nayo. Ni Elia. Nimeandika, basi.

Ijumaa, 15 Februari
Nimeshindwa. Maswali yote nilijibu. Kisha mwenye hoteli akakaa mezani kama mgeni, nikafungua Rioja vizuri kabisa. Nikamimina kidogo, nikanywa mimi. Mbele yake! Kidogo kile kilikuwa cha mgeni kuonja. Mkono ulikwenda wenyewe. Kwetu anayekuletea mbege, pombe ya ndizi, huonja kwanza, ujue hana nia mbaya.

“Hapa mgeni ndiye anayeonja,” akasema, akainuka. Mzee Anselmo alinitetea mpaka sauti ikamkauka. Haikusaidia. Nimelia kwenye treni bila aibu.

Jumapili, 17 Februari
Jana nilimwambia Elia kuwa narudi. Akavaa koti, akatoka. Nikajua ndiyo basi.

Leo kanisani nikamkuta na mchungaji, anaomba ndoa yetu itangazwe. Wazee wake ameshawaandikia waende kwa baba. Mimi sijaulizwa! Nikamgombeza pale pale mlangoni, watu wanapita.

“Ndeshi, niliogopa utakataa,” akasema.

Nimekubali. Sasa yuko jikoni kwangu anamenya viazi. Nusu ya kiazi inakwenda na ganda. Nimemwacha amenye.