Taulo Juu ya Kamera ya Mama

Harlingen,
14 Novemba

Mpendwa mdogo wangu Tjitske,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Hujambo huko Kanada, na watoto hawajambo? Sisi wazima. Goti langu linalalamika, lakini vijana wa bandarini bado nawashinda kubeba kreti.

Najua unajiuliza kwa nini tangu Jumapili ukitaka kumwona Mama kwenye simu unaona giza. Kamera ya chumbani mwake haijafa. Mama ameifunika kwa taulo ya jikoni. Alikuwa anavua sweta akaiona inageuza shingo kumfuata. Akadhani ni wewe, akaipungia mkono. Nilipomwambia kwamba saa hiyo kwenu mlikuwa mmelala, alikwenda moja kwa moja kuchukua taulo.

Mimi unanijua, kutoka Rotterdam hadi Singapuri hakuna mashine iliyonishinda. Nikaangalia ni simu za nani zimeingia kwenye waifai yetu, nikakuta ya Douwe wa ghorofa ya juu. Nikapanda.

"Douwe, umemchungulia mama yangu?"

"Nimchungulie wa nini, bwana! Nilikuwa natafuta runinga yangu kwenye simu, niirushie mechi ya mpira. Nabonyezabonyeza, mara bibi ananipungia mkono. Nilitoka mbio!"

"Na neno la siri la waifai ulipewa na nani?"

"Na choo chenu. Si mmetundika humo kalenda ya siku za kuzaliwa, kama kila nyumba ya hapa? Nikajaribu tarehe ya mama yako, ikakubali. Jitu zima kama wewe, Sjoerd!"

Loo, mimi fundi mzima! Kila mgeni wa kahawa hukaa pale akitazama ufunguo wa nyumba ukutani.

Basi nimeweka neno jipya, refu, lisilo na tarehe ya mtu. Kamera nayo ilikuwa bado na neno la kiwandani, nimelitoa. Kile kisanduku chenye taa kinacholeta waifai nimekisasisha, na wageni nimewatengea mtandao wao. Douwe nimempa huo. Mpira ni mpira.

Taulo ndiyo imenishinda. Mama anasema, "Hata daktari hugonga mlango. Tjitske apige simu kwanza, nikishavaa nitafunua mwenyewe." Neno la kamera ameliandika yeye kwa kidole kimoja, mimi kanifukuza chumbani. Atakupa wewe tu.

Nisalimie shemeji Colin na wapwa zangu. Mungu awatunze katika baridi hiyo.

Piga, mdogo wangu. Tangu asubuhi amekaa kando ya simu akijifanya anafuma, na amevaa ile sweta ya bluu uliyomletea.

Ni mimi kaka yako nikupendaye, fundi wa mitandao yote,
Sjoerd