Hesabu ya Misambi ya Burungu

Goma, 4 Februari 2007

Kaka Omer,

Yesu asifiwe. Uko muzima? Na Mama Céline, na watoto? Sisi huku tunaamka, Mungu njo anajua.

Fishi zako, zile karatasi za kuhesabia ndege, nimezipata kwa mukono wa Papa Mumbere mwenye kamyo ya mizigo. Nimeziingiza zote mu mashine, mwezi kwa mwezi, na kuna kitu kinanisumbua. Mwaka wa 2005 ulikuwa unahesabu misambi sitini, mpaka sabini, wakishuka jioni kulala mu kinamasi. Toka Juni iliyopita: kumi na tisa, kumi na saba. Ndege hawa wa taji hawapungui hivyo ndani ya mwezi mumoja. Fishi za Buleusa, kule Walikale, zinashuka kidogo kidogo tu, na vita iko kule vilevile.

Je, ulibadilisha kitu? Saa, ao siku, ao pahali unasimamia? Niambie bila haya. Ofisi yetu ya mazingira itaamua mwezi wa tano. Ndege wakiwa bado wako, kinamasi kitalindwa. Wakiwa wameisha, watu wataruhusiwa kuchimba mifereji, wakikaushe, walime maharagi. Na mimi njo naandika jibu.

Mudogo wako,
Hélène


Burungu, 3 Machi 2007

Mudogo wangu Hélène,

Neema ya Bwana ikae na wewe. Sisi tunapumua. Mama Céline goti linamuuma, lakini anafika ku misa mbele yangu kila siku, na ananicheka.

Kwa ile ulizo yako, hakuna kitu kilibadilika. Ni masasi ya bunduki tu. Ndege akisikia sasi anahama, kama muntu. Andika vile unaona mu namba. Unanijua: miaka kumi na ine niko katekista, sijaandika bado jina la mutoto mu kitabu mbele ya kubatizwa.

Nakutumia jibini mbili. Moja ni ya mukubwa wako wa kazi, akupunguzie kelele.

Kaka yako,
Omer


Goma, 20 Juni 2007

Kaka Omer,

Amani kwako na kwa nyumba yote. Goti la Mama Céline je?

Niliandika kama ulivyosema: misambi ya Burungu imeisha. Wakubwa walitia sinyatire ku karatasi siku hiyohiyo. Mifereji inaanza kiangazi hiki. Watu walinipa mukono, eti kazi safi. Nilishukuru, kisha nikaenda kulia kwenye choo.

Mudogo wako,
Hélène


Burungu, 9 Septemba 2007

Hélène mudogo wangu,

Nakusalimu kwa jina la Bwana, ijapokuwa leo jina lake linanichoma mudomo. Wanachimba. Mafunjo yanakatwa tangu asubuhi.

Nilikudanganya. Mu fishi kuna mustari wa pahali pa kuhesabia. Kila mwezi nilikuwa naandika "kilima cha Sebarenzi". Kumbe toka Juni ya mwaka jana nasimama chini, kwenye njia, karibu na kapela. Kutoka pale mafunjo yanaficha zaidi ya nusu ya kinamasi. Naona tu misambi ya kandokando.

Unamukumbuka Sebarenzi, jirani wetu mwenye ngombe, aliyekuwa ananipa fomu, ile benchi ya kukalia, na maziwa nikienda kuhesabu. Mu Mei ile watu wa silaha walinisimamisha mu bonde. Ngombe zilikuwa zinakula bila muchungaji. Wakaniuliza: "Hizi ni za nani?" Nikasema: "Za Sebarenzi."

Hawakunipiga hata fimbo moja. Ningeweza kusema sijui; nilijua jina lile njo walikuwa wanatafuta. Wakazichukua zote. Sebarenzi akazifuata kwa miguu, njia ya Kitchanga, na mpaka leo hajarudi. Muke wake Mukandayisenga amebaki kule juu. Ningepanda aje, darubini shingoni, nimusalimie? Na nikikuambia nimebadilisha pahali, ungeniuliza sababu.

Nimeungama. Padri alinipa rozari tatu. Nikazisali zote, na majembe yanasikika mpaka mu kapela.

Kaka yako,
Omer


Goma, 1 Oktoba 2007

Kaka Omer,

Salamu. Huku tuko.

Nimesoma barua yako mara mbili, kisha nikarudi mu mashine. Nimeondoa fishi zako kumi na tano, toka Juni ile mpaka Agosti hii. Zikiondoka, mustari wa Burungu unatembea sawasawa na wa Buleusa. Nikapeleka karatasi kwa mukubwa. Akasema mashamba yamekwisha kugawanywa, nani atamunyanganya mulimaji mbegu yake?

Nilikulaumu sana, sitakuficha. Halafu nikajilaumu. Ningeweza kupanda kamyo ya Papa Mumbere nije nione kwa macho yangu. Niliogopa njia, nikaamini karatasi.

Namba nimezisahihisha. Lakini Mukandayisenga hayuko mu mashine yangu. Panda kule, kaka.

Hélène


Burungu, 2 Desemba 2007

Mudogo wangu,

Bwana akulinde. Mama Céline anakusalimu, goti limepata nafuu.

Jana nilipanda. Mukandayisenga alikuwa anachagua maharagi mbele ya nyumba. Alinipa kiti mbele sijafungua kinywa. Akasema: "Papa Omer, nilikuwa nakuona kila mwezi kule chini njiani, umesimama peke yako. Nikasema mu roho: yule anatuombea."

Hélène, heri angenitukana.

Nikamwambia yote, na lile neno nililotoa mu bonde. Aliendelea kuchagua mpaka sahani ikaisha. Jua lilikuwa linashuka, misambi ikaanza kufika, inazunguka juu ya mifereji inatafuta maji ya kusimamia. Hapo njo alisema, bila kuniangalia: "Hesabu, umalize. Kisha usirudi tena hapa."

Arobaini na mumoja. Lakini macho yangu yalikuwa na maji, pengine mingine ilinipita, kwa hiyo uandike kandokando kwamba namba hii haina hakika.

Fishi ingine sitatuma. Chini hapafai, na juu nimekatazwa.

Kaka yako,
Omer