Transfa ya Ajuza

Mdogo wangu mpendwa,

Kwanza pokea salamu, na ni nyingi, kwa sababu za miaka miwili na miezi minne zimerundikana hapa na sina pa kuziweka. Natumai barua hii itakukuta u mzima, wewe na shemeji ambaye sijamwona, na mtoto ambaye mama anasema amerithi masikio yangu. Mpe pole. Mimi sijambo. Nilishikwa na homa majuma matano, sasa nimeinuka, ila suruali zangu zote zimeamua kuwa za mtu mwingine.

Ningeweza kupiga simu. Lakini simu humpa mtu nafasi ya kukata, hasa yule aliyepiga.

Mama alinipigia mwanzoni mwa mwezi. Alianza na mambo ya kawaida, magoti yake, paa, jirani, kisha akafika kwako. Akasema siku hizi unapima magunia kwenye mashine ya unga, na hujashika spana tangu utoke huku. Kuna mtu alikuletea pikipiki umkazie mnyororo tu, kazi ya kufanya huku unapiga mluzi, ukamwambia mikono yako inasahau, asije akaumia bure. Akasema ukifunga mlango unakwenda kulala, unaamka kuuangalia, unarudi, unaamka tena. Mara tatu. Nilimwomba arudie, nikijifanya simu inakwaruza. Akarudia. Simu ilikuwa safi kabisa.

Basi nikuambie habari za kituo. Chumba chetu kiko vilevile, na kitanda chako kipo. Nakilalia siku za shufwa, changu siku za witri, ili magodoro yachakae kwa haki. Drafti nacheza peke yangu, mkono wa kulia dhidi ya wa kushoto. Wa kushoto unaiba, nimeshauonya, lakini hakuna shahidi. Mpishi bado anatoa maneno mawili kwa siku, “chakula” na “tayari”, na hayatoi kwa pamoja. Wale vijana wa vipimo vya maji wakirudi jioni huoga, hula, kisha kila mmoja huingia ndani ya simu yake kama konokono. Wananiheshimu. Wananiita Fundi. Ni mwaka wa tatu huu sijasikia mtu akiniita kaka.

Ajuza naye yu hai. Mkuu wa kituo huahidiwa gari jipya kila mwaka, na kila mwaka huletewa kalenda. Kwa hiyo bado ni yeye anayepanda milima na kuvuka mito, mlango wa kushoto ukifungwa kwa kamba, na ule mtikisiko wake ambao wewe ulikuwa ukisema unasaidia chakula kushuka. Baada yako aliletwa dereva mwingine, mtu mzima aliyenizidi umri. Tunamwita Bwana Pole kwa kuwa ndilo jibu lake kwa kila kitu. Ukimwambia umepata mkate wa moto, atakuambia pole.

Jumatatu iliyopita, saa nne asubuhi, Bwana Pole aliegesha Ajuza kwenye kile kimteremko mbele ya stoo, akavuta breki ya mkono, akaingia ndani kuchukua kamba. Ajuza akatulia kidogo, kama mtu anayeangalia kama anaonekana, kisha akaanza kurudi nyuma, polepole, bila fujo. Akapita bomba, akaikanyaga ndoo ya mpishi, akaenda kubisha hodi kwa tako kwenye ukuta wa ofisi ya mkuu. Mkuu alitoka na kalamu sikioni. Siku ile mpishi alisema maneno kumi na moja, yote kuhusu ndoo.

Ungedhani tungecheka. Lakini mkuu alisema dereva hakuvuta breki, na mtunza stoo, ambaye unamjua, hajawahi kukosa la kuongeza, akasema madereva wa gari lile wote ni wale wale, mmoja anakula mafuta, mwingine anasahau breki.

Mwenye kula mafuta ni wewe, bila shaka. Bado unatajwa. Ndivyo wageni wanavyosimuliwa hapa: palikuwa na fundi-dereva mmoja, kijana hodari, alisaini mafuta ya giaboksi, na wiki ya pili giaboksi ikaungua porini, kavu kama kibiriti, wala chini ya gari hakuna tone lililovuja. Ama aliyauza ama alisahau kuyatia. Kituo hakikuamua ni lipi, kikakufukuza kwa yote mawili.

Mkuu akatangaza kikao cha Ijumaa na kumwambia Bwana Pole aandike maelezo. Bwana Pole alikuja karakana, akakaa juu ya tairi. Alisema aliivuta ile breki mpaka bega likalia. Baada ya muda akasema anadhani aliivuta. Kisha akaanza kunionyesha, anavuta hewa, anaangalia mkono wake, anavuta tena, akiniuliza kama ndivyo mtu anavyovuta. Kufikia saa kumi hakuwa na hakika hata kama ana bega. Nilikuwa nimeshika kitambaa cha kufutia vyombo, nikakikunja mara nane mpaka kikakataa kukunjika.

Jumatano nilimwomba mkuu aje karakana, aje na mtunza stoo. Wote wawili walichuchumaa, jambo ambalo mkuu halifanyi ovyo. Nikafungua dramu ya breki ya mkono, ile iliyokaa nyuma ya transfa: ndani imelowa mafuta chapachapa. Breki namna ile hata ingevutwa na watu kumi isingeshika. Nikafungua nati ya kujazia transfa, mafuta yakaruka yakafika kwenye kiatu cha mtunza stoo. Nikaenda kwenye giaboksi: imebaki nusu. Nikawaeleza kwa mfano wa nyumba, kwamba giaboksi na transfa, ile inayogawa nguvu kwa magurudumu ya mbele na ya nyuma, ni vyumba viwili vinavyopakana, chuma kimoja kinapita ukutani, na pale kinapopita pana sili ya mpira isiyozidi bangili. Sili hiyo ikilika, chuma kikizunguka kinavuta mafuta ya chumba cha kwanza na kuyapeleka cha pili. Nje haliendi tone. Giaboksi inakauka, transfa inavimba, na ikizidiwa inatapika kwa nyuma, juu ya breki. Mtunza stoo akauliza kwa hiyo nani ameyaiba. Nikamwambia hakuna, yote yamo humu humu. Alionekana kusikitika.

Bwana Pole alitwambia pole sote, mmoja mmoja, akazunguka nyuma ya karakana. Aliporudi alikuwa amenawa uso.

Kisha mkuu, bado amechuchumaa, akaitazama giaboksi. Akasema kumbe hata mdogo wako. Nikasema ndiyo, mkuu. Akasema ni bahati mbaya, wakati ule hakuna ambaye angeweza kujua. Akanishika bega, akasema ataandika makao makuu nitajwe kwa kazi nzuri na wewe usafishwe jina. Nikasema ahsante, mkuu.

Ningeweza kuishia hapa, mdogo wangu. Ingekuwa barua nzuri. Ungefurahi, mama angefurahi, nami ningekuja likizo nikala kwako. Nimeiandika hivyo mara mbili na kuichana mara mbili.

Mimi nilijua.

Siku ile Ajuza alipokokotwa kutoka porini nilipewa kazi ya kuifungua giaboksi na kuandika taarifa. Niliimwaga, ikatoa kikombe kimoja cha chai. Halafu, kwa mazoea tu, nikalegeza nati ya transfa, na mafuta yakanimwagikia mpaka kwenye kiwiko, mapya, mekundu bado, yale yale uliyosaini. Sikuhitaji kufikiri. Niliyakinga kwenye jagi la kupimia, nikayapima, nikayamwaga kwenye pipa la mafuta machafu, nikanawa kwa sabuni mara mbili. Kisha nikaandika: giaboksi ilikutwa kavu, hakuna dalili ya kuvuja nje. Kila neno lilikuwa la kweli. Sijawahi kuandika uongo safi kama ule.

Utauliza kwa nini, hata mkuu aliuliza. Juma moja kabla ilikuwa imekuja barua yako ya kuitwa makao makuu, ukasimamie karakana. Ulicheza chumbani na spana mkononi, ukasema ukishatulia utaniita. Nilikupa hongera na nilimaanisha. Kisha ukatoka kwenda kuoga, mimi nikabaki nimekaa nakitazama kitanda chako. Unajua nimekulea tangu baba aondoke. Nilikuwa sijawahi kulala chumba ambacho wewe humo, ila siku zako za safari, na hizo nilikuwa nazihesabu. Nilifikiri watakupa barua ya onyo. Makao makuu watakuahirisha mwaka mmoja, pengine miwili. Sikutaka ufukuzwe. Nilitaka ubaki.

Siku unaondoka ulisimama mlangoni na sanduku lako, ukaniuliza jambo moja tu. Kaka, transfa uliifungua? Ulikuwa umeshakaribia, ulibakiza hatua moja. Nikasema niliifungua, ilikuwa sawasawa. Hukubisha. Hujawahi kunibishia katika mambo ya gari. Uliitazama mikono yako, hivi na hivi, ukasema basi labda nilisahau. Nikakuacha ukaenda nayo hiyo.

Yaliyofuata ni ya aibu ndogondogo. Giaboksi nyingine ilipoletwa, ilihitaji sili mpya. Stoo zilikuwepo, kwa saini moja tu. Lakini ile saini ingeuliza swali. Nikarudisha ya zamani. Tangu hapo, kila Jumamosi, wengine wakiwa wanafua, nilikuwa nikijilaza chini ya Ajuza na bomba la mkono, navuta mafuta kutoka transfa nayarudisha kwenye giaboksi, kama mtu anayemrudisha mbuzi kila wiki kwa mwenyewe. Hakuna aliyejua. Walisema Fundi analipenda lile gari. Kisha nikashikwa na homa, Jumamosi tano zikapita nikiwa kitandani, nakuita nadhani kwa sauti, maana mpishi alikuja akasema “hayupo”. Ajuza hakutoka sana siku zile, ndiyo maana giaboksi ilisalimika. Breki haikusalimika, na Bwana Pole nusura aende na kosa langu kama ulivyokwenda wewe.

Baada ya mkuu kunishika bega nilikaa siku moja bila kula. Ijumaa, saa ile ile ya kikao ambacho hakikuwepo tena, nilimpelekea maelezo niliyosaini, yenye haya yote. Aliyasoma amesimama. Akayasoma tena amekaa. Akaniuliza kwa nini, nikamwambia. Akasema ningekuwa nimeiba mafuta angenielewa haraka zaidi. Alichukua funguo za karakana, akasema karatasi itaondoka na posta ya Jumatatu, na mimi nisubiri chumbani. Ndiko niliko. Nakala ya maelezo hayo imo humu, yenye mhuri wa kupokelewa, uwe nayo, umwonyeshe yeyote.

Mama nimemwambia leo asubuhi. Akauliza kama nimekula. Kisha akakata yeye.

Sikuombi urudi huku, wala unijibu, na msamaha sitauomba kwa karatasi kama mtu anayeagiza vipuri. Likija neno kutoka makao makuu watakuandikia wao wenyewe. Likisema mimi niondoke, nitaondoka, na sitakuja kwako bila wewe kusema njoo.

Lakini hesabu moja nakudai uisome, uisome na mbele ya shemeji. Katika lile jagi, kabla sijamwaga, kwenye yale ya transfa nilitoa kipimo chake cha kawaida, yaliyozidi nikajumlisha na kile kikombe cha giaboksi. Yalikuwa ni yale uliyosaini, pungufu ya vijiko vichache vilivyobaki kwenye kiwiko changu. Mafuta uliyatia, mdogo wangu. Uliyatia yote, ukaikaza nati, ukaifuta. Hukusahau kitu. Mikono yako haijawahi kusahau kitu. Ni mimi niliyeyatia maneno yale mdomoni mwako na kunyamaza.

Msalimie shemeji, mwambie shemeji yake alikuwa akingoja kumfahamu kwa habari njema zaidi ya hii. Mbusu mtoto kwenye hayo masikio. Mama ukimpigia, usimkaripie kwa ajili yangu, wala usinitetee. Huku kumepoa, upepo ni mwingi, na vijana wanakusalimu ingawa hawakujui, niliwaambia nakuandikia.

Ni mimi kaka yako, niliyeifungua transfa.